Vidole Nyuma ya Ukuta

Siku niliyotia mafuta ya taa kwenye kabeji ya Bwana ndiyo siku niliyokubali kwamba mimi ni mgonjwa. Kabla ya hapo nilikuwa nasema ni mafua tu. Mtu anaweza kuwa na mafua miezi saba akiamua kuwa mkaidi, na mimi ukaidi sikuazima kwa mtu.

Nilikuwa mpishi kwenye shamba moja la mahindi nje ya mji wa Kitale, miaka ile ya baada ya vita vya Hitla. Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na chupa mbili zinazofanana, moja ya siki na moja ya mafuta ya taa ya kuwashia kuni. Sikuwahi kuzichanganya hata mara moja, kwa sababu pua ilinionya kabla mkono haujafika. Siku hiyo pua haikusema kitu. Bwana alitema kwenye sahani, na memsahibu akaja jikoni akiwa ameishika ile chupa.

"Mpishi, hii nini? Nusa."

Nikanusa. Nikamwambia ni siki, memsahibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alirudisha kizibo polepole akaniambia nikijichanganya tena ataandika mpishi mwingine.

Kama wewe unayesoma pua yako imeziba leo kwa siku ya tatu, pole, lakini haya si yako. Nawaandikia wale ambao wameanza kusahau harufu ya chai. Wale wanaoinama kufunga kamba ya kiatu wakahisi uso mzima unataka kudondoka chini. Nyinyi nawajua.

Nasimiyu, mke wangu, ndiye aliyeniokoa kazini. Kila asubuhi alitoka kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, mtoto mgongoni, akaja mlango wa nyuma wa jikoni kama aliyekuja kuomba moto. Nilimtolea maziwa, nyama, siagi na mayai. Yeye ananusa, mimi nasikiliza.

"Hii iko sawa. Hii nyama pika leo, kesho itakuaibisha. Hii maziwa imeharibika, rudisha."

Basi memsahibu akala vizuri miezi miwili mizima kwa pua ya mwanamke ambaye hakumjua hata kwa jina. Ningemshukuru mke wangu wakati ule, ningekuwa na hadithi fupi zaidi ya kuwaandikia.

Ugonjwa haukukaa puani. Ulipanda nyuma ya macho, ukashuka mashavuni. Asubuhi niliamka uso umevimba upande wa kushoto, jicho limekuwa dogo. Meno ya juu yaliniuma kiasi kwamba nilikwenda zahanati ya mjini nikamsihi dresa, yule msaidizi wa daktari, ang'oe gego moja. Alilitazama akasema ni zima. Nikamwambia nalijua mimi linalouma. Akaling'oa, lilikuwa zima kweli, na maumivu yakabaki palepale yakiwa na nafasi zaidi. Mpaka leo natafuna upande mmoja.

Halafu ikaja harufu. Mimi mwenyewe sikuisikia, na hiyo ndiyo dhihaka ya ugonjwa huu: kila mtu anajua unavyonuka isipokuwa wewe. Niliisoma kwenye nyuso zao. Mtunza bustani alianza kuongea nami akiwa upande ule upepo unakotoka. Kanisani benchi letu likawa na nafasi. Nilianza kufunika mdomo na pua kwa kitambaa nikizungumza, kisha nikaacha kuzungumza.

Mtoto wetu Nafula alikuwa na miaka miwili hivi. Jioni moja nilimwinua nimbusu, akageuza uso akanisukuma kifua kwa mikono miwili. "Baba ananuka," akasema. Alisema bila ubaya, kama anavyosema ng'ombe ni mkubwa. Nasimiyu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Nami nikamgeukia yeye. Sitaandika yote niliyosema. Nilimwambia kama pua yake ni nzuri sana aipeleke kwao Chwele ikanuse vizuri huko, na asinisogelee tena, wala kitandani wala jikoni.

Alikaa siku nne akinipikia na kuniwekea chakula mlangoni kama nilivyotaka. Siku ya tano alipata lori lililokuwa likienda Kimilili, akapanda na mtoto. Mahindi yalikuwa yanafika magotini, ni wakati wa kupalilia. Nilijiambia ameenda kumsaidia mama yake. Palizi ikaisha, hakurudi.

Watu wengi watakuambia ugonjwa wa pua ni jambo dogo. Hakuna anayekufa nao, wanasema. Ni kweli, mimi sikufa. Nilikaa tu kwenye nyumba ya chumba kimoja, nikila ugali usio na ladha, nikisikia masikio yamejaa kama niko ndani ya mtungi, na watu wa laini wakicheka nje kwa mbali. Nilikosa kuguswa. Naliandika waziwazi kwa sababu najua kuna msomaji ambaye amelikosa hilo na anaona haya kulisema. Kulipita majuma ambayo kitu pekee kilichogusa uso wangu ni kitambaa changu mwenyewe.

Nilipata ruhusa ya memsahibu nikaenda hospitali ya Kitale. Wagonjwa tulikaa kwenye benchi refu la barazani, kila mmoja ameshika kibao chake cha namba, jua likitufuata kutoka upande mmoja wa benchi hadi mwingine. Siku ya kwanza nilikaa mwishoni ili nisimsumbue mtu. Akaja mama mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji, akaniambia nisogee. Nikamwambia, mama, ninanuka. Akasema, "Mguu wangu pia," akakaa, akatoa kiazi kitamu cha kuchoma, akakivunja katikati akanipa nusu. Jina lake sikuliuliza. Nusu ile ya kiazi sijaisahau.

Daktari alisema usaha umejaa kwenye mifupa ya uso, lazima uoshwe. Waliingiza sindano nene puani, ikasukumwa mpaka nikasikia kitu kikivunjika ndani kama ganda la yai, kisha maji ya chumvi yakapitishwa na mimi nimeinamia besheni. Kilichotoka sitakieleza, labda unakula. Nilioshwa mara tatu. Mara ya kwanza mahindi yalikuwa yanatoa ndevu. Mara ya pili yalikuwa yanakauka. Mara ya tatu tulikuwa tumeanza kuvuna, na vumbi la mahindi lilikuwa kila mahali. Kila mara nilipata nafuu juma moja, kisha uso ukajaa tena. Na kila mara nilitembea kurudi shambani peke yangu nikijiambia kwamba leo nitamkuta Nasimiyu mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba nilivyouacha.

Baada ya mavuno niliomba siku tatu, nikapanda lori la mahindi hadi Kimilili, kisha nikatembea hadi kwa wakwe zangu upande wa Chwele. Nilikwenda kumrudisha mke wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu njiani.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa kwetu. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawapeani mkono, hawali mbele ya mwenzake, na wakikutana njiani mmoja anapinda kichakani mpaka mwingine apite. Ni heshima, si chuki. Kwa hiyo miaka minne niliyokuwa nimemwoa Nasimiyu, uso wa mama yake sikuwa nimeuona sawasawa. Nilijua mgongo wake tu, na shuka yake ya buluu ikipotea nyuma ya migomba.

Na mama huyu ndiye aliyekuwa mkunga wa sehemu zile. Siku za soko watu walitoka Chwele wakiwa na vichwa vinavyouma, wakapitia kwake, akawabonyeza uso na shingo kwa vidole. Kila mtu alijua, hata mimi. Haikunijia akilini kwamba vidole vile vingenihusu, kwa maana vingenihusu vipi?

Shemeji yangu Barasa alinipokea nyumbani kwake, nyumba ya udongo iliyo kando ya ile ya mama yake. Nilikunywa chai. Nasimiyu aliingia akanisalimia vizuri, kama anayesalimia mgeni wa kanisa, akakaa mbali. Nikaanza hotuba yangu, pua ikanitiririka, nikasahau maneno. Ndipo nikasikia sauti nje, nyuma ya ukuta, karibu kabisa na sikio langu.

"Nasimiyu. Huyo mtu wako anapumua kwa mdomo ama anafanya makusudi?"

"Pua imeziba, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Wamemuosha hospitali, ati inarudi."

Kisha sauti ikasema, "Kuja hapa."

Nasimiyu akatoka. Kupitia ufa wa ukuta niliona shuka ya buluu, nikageuza macho haraka. Aliporudi ndani alisimama mbele yangu, mikono imelegea, akaniambia, "Mama anasema hawezi kukugusa. Atanigusa mimi, na mimi nitakugusa wewe."

Hivyo ndivyo ilivyofanyika, adhuhuri hiyo, na kuku wakiingia na kutoka. Mama mkwe alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, mgongo wake kwenye udongo. Mimi nilikaa ndani kwenye kigoda, mgongo wangu kwenye udongo huohuo. Nasimiyu alitoka akabonyezwa usoni, akaingia akanibonyeza palepale kabla hajapasahau, akatoka tena. Nafula alikimbia nyuma yake kila safari, akifikiri ni mchezo.

"Mwambie akae wima," ilisema sauti. "Asijikunje."

"Anasema ukae wima."

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

Kwanza ilikuwa pembeni mwa pua, pale tundu linapokutana na shavu, kuna kishimo. Vidole viwili, kila upande kimoja, vinabonyeza kwa uzito mmoja bila kusugua, na wewe unapumua taratibu mara tano. Halafu chini ya mfupa wa shavu, sawa na mboni ya jicho ukitazama mbele, ukisukuma kuelekea juu. Halafu mwanzo wa nyusi, karibu na pua, pale ambapo palinifanya nitokwe machozi kabla hata hajabonyeza. Halafu nyuma ya kichwa, kwenye mabonde mawili yaliyo chini ya fuvu. Mwisho ni mkono, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Hiyo ya mkono wajawazito wasibonyezwe, alisisitiza, mwambie asije akamfanyia mtu.

Vidole vya Nasimiyu vilikuwa baridi mwanzoni. Miezi mitano hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso isipokuwa yule wa sindano. Nilifumba macho.

"Muulize inauma wapi," ilisema sauti.

"Anauliza inauma wapi."

"Mwambie kila mahali," nikasema.

Maneno hayo Nasimiyu hakuyapeleka nje. Alibaki amesimama, vidole vyake chini ya mashavu yangu, na mama yake huko nje naye hakuuliza tena. Basi kitu kikalia ndani ya sikio langu, tk, kikatiririka nyuma ya koo, na hewa ikapita tundu la kulia la pua yangu. Hewa nyembamba tu, ya baridi. Nililia mbele ya kuku na mbele ya mtoto wangu, na sikujali.

Lakini mke wangu sikumrudisha siku ile. Kesho yake nilipoaga nilimwambia afunge mizigo. Akasema, "Wewe nenda kwanza. Nitakuja nikijua kama ni ugonjwa ulinifukuza ama ni wewe." Nilitembea hadi Kimilili nikilitafuta jibu, na kwenye lori nikawa bado nalitafuta.

Kitale nilijibonyeza mwenyewe. Kabla sijawasha jiko asubuhi, na tena mchana nyuma ya jikoni. Watu wa laini walinicheka. Mtunza bustani alisema mpishi ameanza kupiga kinanda usoni. Nami kwa upishi wangu nikafanya kosa la wapishi. Mikono yangu ilikuwa imezoea kukanda mkate wa mzungu kila siku, na niliukanda uso kwa nguvu zilezile, nikidhani ukiuma zaidi utapona zaidi. Baada ya juma moja nilikuwa na madoa meusi chini ya macho yote mawili. Memsahibu aliniuliza nimepigana na nani.

Nilipeleka habari kwa Barasa kupitia mfanyabiashara wa ng'ombe, kwamba dawa inanidhuru. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, na yule mfanyabiashara alilisema mbele ya jikoni nzima, akicheka sana: "Mama mkwe wako amesema, mwambie uso si unga. Abonyeze kama mtu anajaribu ndizi kama imeiva."

Nikaanza upya, kwa ndizi. Sitawadanganya kwamba nilipona. Kubonyeza hakukuondoa ugonjwa, na siku homa iliponipanda nilirudi hospitali kwenye lile benchi, na wewe ufanye vivyo hivyo, usikae nyumbani ukijibonyeza na huku macho yanavimba. Lakini kulinipa nafasi. Nusu saa ya kupumua, kisha saa nzima, kisha usingizi wa kulala chali. Ubaya wake ni mmoja tu. Vidole vyako mwenyewe unajua vinakwenda wapi, na ukimaliza uko peke yako vilevile.

Kila asubuhi baada ya kubonyeza nilifungua chupa ya mafuta ya taa nikanusa. Kiangazi kilipita hivyo. Upepo wa Mlima Elgon ulikausha kila kitu, mashamba yakachomwa mabua, nami nikaona moshi bila kuusikia. Kisha, mawingu ya kwanza ya masika yakiwa yamekaa juu ya mlima, nilifungua chupa na kitu kikanichoma kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nikafunga. Nikafungua tena. Kilikuwepo.

Nilimtafuta wa kumwambia, jikoni hakuna mtu. Nikachukua karatasi ya kufungia sukari nikamwandikia Nasimiyu. Hotuba yangu yote ya zamani sikuitumia. Niliandika: Leo nimenusa mafuta ya taa. Ni mimi niliyekufukuza, si ugonjwa. Niliona aibu nikakupa wewe uibebe. Miezi miwili ulinusa maziwa kwa ajili yangu na sikusema asante.

Alikuja wakati wa kupanda, mvua imemlowesha yeye na mtoto na kifurushi. Nilimwuliza kama amekuja kwa sababu nimepona. "Kupona gani," akasema, "si bado unaongea na pua? Nimekuja kwa sababu ya barua. Hukuwa umeniambia kitu tangu tuoane." Nafula alinitazama kwa muda, akanishika uso kwa vidole vyake vilivyolowa, akabonyeza pembeni mwa pua kwa usahihi kabisa. Alikuwa amefundishwa.

Kwetu kuna siku ambayo mkwe anampelekea mama mkwe blanketi na mbuzi, wazee wanakaa, na mbele yao wawili hao wanapeana mkono. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Nilinunua blanketi mjini Kitale, jekundu lenye mistari, nikalifunga. Tulikubaliana na Barasa iwe baada ya mavuno. Kila siku kwenye kukanda mkate niliufikiria ule mkono. Nilitaka kuona kama vidole ni vinene au vyembamba. Nilitaka kumwambia asante bila mtu wa kunipelekea neno.

Alifariki mahindi yakiwa bado hayajakauka. Alilala na homa siku mbili tu, habari ikatufikia amekwisha kuondoka.

Mazishini sikuruhusiwa kukaribia, kwa maana mkwe haangalii mwili wa mama mkwe wake. Nilisimama kwenye mpaka wa shamba, upande wa migomba, palepale shuka ya buluu ilipokuwa ikipotea ninapotokea. Blanketi nilimpa Barasa, akalipeleka, wakamfunika nalo. Niliusikia udongo uliochimbuliwa, harufu yake yote, na ndipo nikagundua kwamba vidole vyangu vimekwenda vyenyewe pembeni mwa pua na vinabonyeza. Watu waliotazama kwa mbali walifikiri nafuta machozi, na hawakukosea.

Nasimiyu aliondoka kati ya wanawake akaja akasimama mbele yangu. Alitoa mikono yangu usoni akaweka yake.

Basi nimewaachia ile dawa iliyofika kwangu. Anza pembeni mwa pua, palipo na kishimo. Usitumie nguvu. Na kama yuko mtu karibu nawe, hata kama mmekosana, mwombe yeye akubonyeze. Mimi niliyetibiwa na mkono ule sikupata kuushika.